Wiki Aliyoolewa Nana Mara Saba

Rangi ya mafuta ikiwa mbichi ina harufu inayopanda puani na kukaa huko kama mgeni asiyejua kuaga. Watu wengi huikimbia. Mimi nikiinusa popote, hata nikiwa napita tu mbele ya duka la vifaa vya ujenzi kule Ganjoni, hucheka peke yangu barabarani, na wapita njia huniangalia kwa huruma. Nyinyi nitawaeleza kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa Mji wa Kale, katika kichochoro chembamba kiasi kwamba jirani wa mkabala akipiga chafya dirishani kwake, sisi ndio wa kwanza kumwombea rehema. Nyumbani tulikuwa wanne: mimi, mama yangu, mjomba wangu Twalibu, na bibi yangu mzaa mama, ambaye kila mtu, mpaka wauza samaki, alimwita Nana. Alikuwa mfupi, mnene kidogo, mwenye mikono ya haraka. Akikata mahamri usingewahi kukiona kisu.

Siku moja tukapata habari kwamba watu wa televisheni wanakuja kutoka Nairobi. Walikuwa wakitengeneza kipindi kuhusu namna nchi ilivyopata uhuru, kije kuonyeshwa sikukuu ya taifa. Mtu mmoja alikuwa amewaambia kwamba marehemu babu yangu alikuwa kuli bandarini, na kwamba siku za mkoloni alikuwa miongoni mwa walioongoza mgomo. Kwa kuwa babu hayupo, wakaomba kuzungumza na mjane wake.

Mtaa ukashikwa na homa. Jirani walifua mapazia ambayo kamera isingeyaona kamwe. Mjomba Twalibu alinunua mkebe wa rangi ya kijani, akaupaka mlango wetu asubuhi ile ile ya kuja wageni, kwa sababu, alisema, rangi hung'aa zaidi kabla haijakauka. Nana alivaa leso mpya, akajifukiza udi, akakaa kwenye kiti tangu alfajiri kama bibi harusi anayengoja kutolewa.

Walikuja watatu, saa nne, wakitokea Ngome ya Yesu. Mkubwa wao alikuwa kijana mwenye kizibao cha mifuko mingi. Nilijaribu kuihesabu nikafika kumi na mmoja, akageuka. Alipokuwa akingoja mitambo iwekwe, aliuegemea mlango. Aliponyanyuka, mgongo wake wote ulikuwa kijani. Mjomba Twalibu aliinua macho kuyatazama maboriti ya dari kana kwamba ameyaona kwa mara ya kwanza, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kumwambia mgeni. Alirudi hivyo hivyo Nairobi.

"Mama," kijana alianza, "tuambie kwa kifupi kuhusu Mzee siku zile za mgomo."

"Mzee alikuwa na njaa," Nana akajibu. "Hapo ndipo hadithi inapoanzia."

Kijana akatabasamu. "Na kwenye mikutano, Mzee alikuwa akisemaje?"

"Mimi sikuwako mkutanoni, mwanangu. Nilikuwa jikoni. Niulize ya jikoni."

Zaidi ya hapo sikusikia, maana nilipewa kazi ya kuwanyamazisha watoto wenzangu kichochoroni, kazi ambayo hata askari asingeiweza. Lakini najua Nana alizungumza mpaka adhana ya adhuhuri, na chai ya wageni ikapoa ikatiwa moto mara mbili. Mwisho wakamwomba akate mahamri kidogo, wapate picha. Akakata. Kisha wakaagana naye kwa heshima na kuondoka.

Mliowahi kuwa watoto mnajua uzito wa kungoja. Nana alialika watu kama anayeoza binti. Alimwalika dada yake wa Kibokoni, ambaye tangu utotoni hakuwahi kukubaliana naye katika lolote. Aliwaalika walimu wangu wa chuoni, walionisomesha Kurani. Hata Mama Kadzo alialikwa, mwanamke wa Rabai aliyekuwa na meza ya mboga Marikiti na ambaye kila Ijumaa alituletea mchicha mpaka mlangoni. Sisi hatukuwa na televisheni, kwa hivyo kipindi kingetazamwa kwa Ami Salim, jirani wa chini, aliyekuwa na ya rangi na aliyeifunika kitambaa cha kudarizi kama jeneza la mtu mtukufu.

Alasiri ya sikukuu, sebule ya Ami Salim haikuwa na pa kutia mguu. Nana aliwekwa mbele kabisa. Mimi nilikaa sakafuni, nimeegemea magoti yake.

Kipindi kikaanza. Tukaiona Ngome ya Yesu kutoka mbele, kutoka nyuma, na kutoka juu. Tukaona meli. Tukaona wazee watatu waliovaa suti, wa bara, wakieleza namna walivyokaa mezani na Waingereza. Sauti nzito ya mtangazaji ilisema mambo mazuri kuhusu wanaume mashujaa. Halafu ikataja bandari, sote tukavuta pumzi, na hapo, kwenye kioo, ikatokea mikono miwili ikikata mahamri.

"Ni wewe!" nikapiga kelele. "Nana, ni wewe!"

Mikono ikakata hamri la pili, na sauti ikasema, "Makuli wa Mombasa hawakutetereka." Kisha ikaja picha ya kreni, na baada yake tangazo la sabuni ya kufulia. Tangazo la sabuni lilichukua muda mrefu kuliko Nana. Kipindi kikarudi, kikaenda kwengine, kikaisha kwa bendera.

Dada yake Nana, yule wa Kibokoni, ambaye kwa siku nyingine angefurahi, alikuwa akichezea ncha ya buibui lake. Nilianza kulia. Nililia kwa hasira, machozi ya mtoto aliyejigamba shuleni wiki tatu nzima.

"Walia nini?" Nana akaniuliza.

"Hawakukuonyesha."

Alinyanyua mikono yake, akaitazama mbele na nyuma. "Mikono imefika Nairobi," akasema. "Kichwa kimebaki Mombasa. Si neno, hakikuwa kimeaga."

Watu wakaangua kicheko, na Ami Salim, Mungu amrehemu, akainuka akaizima televisheni. Akakigeuza kiti cha Nana kitutazame. "Haya, Bi," akasema. "Tupe sasa kipindi chenyewe."

Nana hakusubiri kubembelezwa. Alitueleza jinsi mgomo ulipoanza na nyumba za makuli zikakosa chakula, nao makuli wenyewe wamejikusanya ng'ambo ya pili ya mji, hawataki kurudi nyumbani wasije wakashikwa mmoja mmoja na kulazimishwa kazi. Wanawake wa mtaa wakaitoa sufuria kubwa ya harusi. Kila nyumba ikaleta kibaba cha mchele. Kupika ilikuwa rahisi. Shida ilikuwa kufikisha, maana askari walikuwa wakitawanya kundi lolote la watu waliloliona njiani.

"Nikawaambia wenzangu," Nana akasema, "hakuna askari anayeweza kutawanya harusi."

Basi wakafanya harusi. Walifunika masinia kwa kawa, wakachukua pembe zao za vugo, ile ngoma ya harusi, wakazigonga kwa vijiti na kuimba njia nzima, na katikati yao alikwenda bibi harusi aliyejifunika gubigubi. Bibi harusi alikuwa Nana, aliyekuwa na miaka kumi na minane na ambaye kweli alikuwa ameolewa miezi michache tu nyuma. Askari walisimama kando wakapisha. Siku ya pili, harusi nyingine. Siku ya tatu, nyingine.

"Askari mmoja akauliza, 'Mbona nyinyi mwaoana kila siku?' Somo yangu aliyenifunda akamjibu, 'Bwanangu, huu ndio msimu.' Wiki ile niliolewa mara saba, na mume alikuwa yule yule! Na kila nilipofika, aliangalia sinia kabla ya kuniangalia mimi."

Tulicheka mpaka mwalimu wangu wa chuoni akavua miwani kupangusa macho. Hata dada yake wa Kibokoni alicheka, akasema kwamba hilo la sinia ni kweli, shemeji yake alikuwa hivyo.

Ndipo Mama Kadzo aliyekuwa amesimama mlangoni akasema, kwa sauti ya chini, "Bi, siku ya nne mlipika nini?"

"Siku ya nne?" Nana akafikiri. "Mchele ulikuwa umekwisha. Tukapata muhogo."

"Mlipata wapi?"

Katika hadithi ile, aliyoisimulia Nana kwa miaka yote, siku zote alikuwa akisema *tukapata muhogo*, kana kwamba muhogo ulikuja wenyewe kwa miguu, ukabisha hodi.

"Alikuja mwanamke," akasema pole pole. "Kutoka bara. Amejitwika tenga kichwani, na mtoto mgongoni. Alikuja siku ya nne, na ya tano, mpaka mwisho."

"Alitoka Rabai," Mama Kadzo akasema. "Alikuwa akiondoka jogoo la kwanza. Muhogo ulikuwa wa shamba letu, na mwaka ule sisi wenyewe tulilala njaa. Aliitwa Mbodze. Ni mama yangu. Na huyo mtoto wa mgongoni ni mimi."

Nana akageuka kumtazama pale mlangoni.

"Mama Kadzo," akasema. "Miaka yote hii waniletea mchicha mlangoni. Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Bi."

Hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nilimwona Nana akiona haya kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Kisha akainuka. Alipita katikati ya watu, akamshika Mama Kadzo mkono, akamleta mpaka mbele, akamkalisha kwenye kile kiti. Yeye mwenyewe akaketi sakafuni kando yangu, na magoti yake mabovu yale, akasema, "Tueleze. Alikuwa mtu gani?"

Mama Kadzo akaeleza. Mama yake alikuwa mrefu, mwoga wa bahari, mpenda ugoro. Alikuwa akiwaiga wanawake wa mjini walivyotembea harusini kwa madaha, na kijiji kizima kikivunjika mbavu. Huyo Nana ndiye aliyekuwa akiigwa! Mama Kadzo akasimama akatuonyesha mwendo wenyewe, tenga la kuwaziwa kichwani na kiuno kikienda huku na huku, na Nana akapiga yowe, "Ndivyo nilivyokuwa! Wallahi ndivyo!" Mtu akatafuta pembe za vugo. Zilipatikana, na harusi ya nane ikachezwa pale pale, kwa Ami Salim, mpaka adhana ya magharibi ikatunyamazisha.

Mimi nilirudi nyumbani nikiwa bado nimewakasirikia watu wa televisheni, na ukweli ni kwamba walistahili. Lakini tangu siku ile Nana alipata tabia mpya. Kila alipomaliza kusimulia jambo, liwe kubwa au dogo, alinyamaza, akatutazama mmoja mmoja, akauliza, "Nani sijamtaja?" Kisha akangoja. Sisi watoto tulidhani ni uzee, kwamba kumbukumbu zimeanza kumtoka. Tulimtajia majina kwa mzaha: paka, mbuzi wa jirani, Mjomba Twalibu. Alicheka nasi, lakini hakuacha kungoja.

Leo mimi ni mwalimu wa historia, na vitabu ninavyofundishia vina wazee wengi wa suti. Imenichukua miaka mingi kuelewa kwamba Nana hakuwa amesahau kitu. Kuachwa nje ya hadithi kuliwahi kumuumiza alasiri moja tu, akalifanyia mzaha jambo hilo likapita. Lililokaa naye ni kujua kwamba hata yeye, mwenye haki ya kulalamika, alikuwa amemwacha mtu nje. Lile swali halikuwa la kumbukumbu dhaifu. Lilikuwa mlango aliouacha wazi kwa makusudi, na kwa umri wake wote uliobakia hakutaka kuwa mtu wa kuufunga.