Siku Sista Tutor alipotaja jina lake kwa mtoto aliyekataa kunyonya

Habari za humu wakuu.

Mimi ni mama mzee, nesi mstaafu wa upande wa Magunga. Ninayoandika niliyaona kwa macho yangu. Asiyeamini apite tu, simdai kitu.

Juzi mjukuu wangu anayesomea unesi alinionyesha kwenye simu ukurasa wa walimu wake. Chini ya kila mwalimu wameandika research interests zake, yaani anayopenda kuchunguza. Huyu sukari, yule presha, mwingine afya ya akili. Nikamwambia hata walimu wetu miaka ya sitini walikuwa na zao. Akacheka. Haya, ngoja niwasimulie ya mmoja.

Chuo chetu kilikuwa cha misheni, enzi zile Migori na Homa Bay zote zikiitwa South Nyanza. Jina la chuo naliacha.

Mwalimu mmoja alipenda minyoo. Alituchosha na vinyesi vya watu mpaka chakula kikawa hakipiti. Mkuu wetu, mama Mzungu tuliyemwita Sista Tutor, yeye alipenda kilio cha watoto wachanga. Jina lake lingine hatukulijua, na nani angethubutu kuuliza.

Kwa wasiojua mila zetu Wajaluo: mtoto mchanga akilia bila kunyamaza, wazee husema kuna marehemu wa ukoo anataka jina lake lirudi. Basi majina ya waliokufa yanatajwa, moja moja. Likifika la mwenyewe, mtoto ananyamaza na anaitwa hivyo.

Sista hakuwahi kuicheka mila hiyo, nimpe haki yake. Alikaa wodini akasikiliza, na mimi ndiye niliyekuwa mdomo wake kwa Kijaluo. Lakini maoni yake yalikuwa kwamba mtoto akilia sana huchoka, na jina lolote litakalomkuta amechoka litaonekana ndilo. Alitafuta siku ya kulijaribu hilo.

Siku yenyewe ikafika, mchana wa mvua.

Kulikuwa na mtoto wa kike, amezaliwa jana yake. Watu wao walitoka Macalder, baba alikuwa anachimba dhahabu huko. Tangu azaliwe hakuwa amenyonya hata tone. Maji ya glukosi tukimpa kwa kijiko, anatema. Maziwa ya mama yake yamejaa mpaka yanamuuma, na yeye analia tu, sauti inazidi kuwa nyembamba. Daktari alikuwa ameshasema hana la kuongeza. Sisi wanafunzi tulijua mwisho wake. Niliona uchungu sana, maana yule mama tulikuwa rika moja.

Bibi yake mtoto akaanza kuita majina.

Anataja moja, ananyamaza kidogo kama anayempa mtu nafasi ya kuitika, kisha lingine. Wodi nzima ikaacha kuongea. Kila jina likitajwa, wanawake wanatazama mlangoni. Mlango ulikuwa umefungwa kwa sababu ya mvua, lakini na mimi nilitazama.

Wanawake wa ukoo wa baba wakaisha. Akaenda kwa ukoo wa mama, nao wakaisha. Mtoto bado analia. Bibi akakaa chini na kufunika uso kwa leso.

Ndipo Sista akasema kwa Kiswahili chake, "Mimi nataka jaribu jina moja. Jina ya mtu mzima, hajakufa."

Nikamwambia, "Sista, kwetu hatufanyi hivyo. Mtu aliye hai haitwi hapo."

"Basi mimi taja yangu," akasema. "Hakuna mtu mwingine ataumia."

Wakuu, nilimpenda Sista. Nilimshika mkono, kitu ambacho mwanafunzi hakufanya kwa mwalimu siku hizo. Akautoa taratibu, akainama juu ya mtoto.

"Edith," akasema.

Mtoto akanyamaza.

Si kunyamaza kwa kupunguza kidogo kidogo. Alikata. Tukabaki tunasikia mvua kwenye mabati. Mama yake akamweka kwenye ziwa, na mtoto akalishika na kuanza kunyonya kwa nguvu.

Mngetarajia vigelegele. Hakuna aliyepiga. Bibi aliinuka, akarudi nyuma mpaka ukutani, mbali na Sista. Akaniambia kwa Kijaluo, macho hayamtoki Sista:

"Nyathina, mwanangu, muulize huyu mama alikufa lini."

Sikutaka kutafsiri. Lakini Sista aliona uso wangu, akaniamuru niseme. Nikasema.

Nilidhani atacheka. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda, na Sista hakuwahi kukaa kwenye kitanda cha mgonjwa. Alikuwa mweupe kama shuka.

"Edith ilikuwa dada yangu," akasema. "Alikufa mbele mimi sijazaliwa. Mama yangu akanipa jina yake."

Nikampelekea bibi maneno hayo. Bibi akafikiri, kisha akauliza huyo dada aliugua nini.

Sista akamtazama mtoto.

"Alikuwa mtoto ya siku mbili tu," akasema. "Alikataa nyonya."

Bibi aliposikia, akatoka ukutani na kuja kukaa kando ya Sista, bega kwa bega.

"Basi mwambie alie," akaniambia. "Ndugu yake ameshiba."

Na Sista akalia, mbele yetu sote.

Mtoto alipona na akaitwa Edith. Sista aliendelea kutufundisha, lakini utafiti wa vilio aliuacha, akasema kuna maswali ambayo yeye si mtu wa kuyauliza. Mimi nilijifunza hivi: ukienda kuchunguza mambo ya watu, jua na wewe umo ndani.

Karibuni mchangie, hata wa kunipinga. Ila kwanza kila mmoja aseme amepewa jina la nani. Na kama hujui huyo mtu alikufa vipi, waulize wazee wako wangali hai.