Chai ya Mjumbe

Enzi za Mwingereza, mfereji uliotuletea maji kijijini kwetu Sekei ulikauka kwa sababu mwenye shamba kubwa la kahawa huko juu aliuziba. Tulilalamika mpaka tukachoka, ndipo mjumbe wetu katika Baraza la Kutunga Sheria akakubali kuja kutusikiliza.

Siku hiyo mama na wenzake walidamka, wakashuka hadi Mto Themi na madebe, wakapanda nayo kilima yakiwa yamejaa. Wakanyunyizia uwanja wa kanisa ili vumbi litulie, wakapika chai tele. Mjumbe akanawishwa mikono, akanywa, akaongezewa. Wazee walipomweleza habari za mfereji, alilitazama birika, akacheka.

“Wazee wangu, mbona maji mnayo?”

Kwetu ni aibu kumsuta mgeni akiwa na kikombe mkononi. Mimi nilitamani kulipiga teke lile birika!

Mwaka uliofuata tukasikia anakuja tena. Mfereji ulikuwa bado mkavu. Nikamwambia mama kwamba safari hii apewe kikombe kitupu. Akaniangalia kana kwamba nimemtukana, akachukua debe lake, akashuka mtoni.