Gari Lililonizunguka Wattaya

Niliambiwa, nami nikaamini kwa moyo wangu wote, kwamba magari makubwa ya Kimarekani yanayoletwa Maskati kutoka Kuwait yana jini aliyefungiwa ndani ya lile tufe la chuma lililo kati ya tairi za nyuma. Ndiyo maana yanakwenda mbio. Nani aliyeniambia? Wapiga soga wa gereji, watu wasioweza kupambanua jeki na jiwe la kusagia. Na nani aliyewaamini? Mie, mwenye cheti cha shule ya usiku ya Dar es Salaam, nilichokitia kioo na kukitundika pale gereji yetu ya Wattaya, Maskati, juu ya ndoo ya grisi. Cheka utakavyo. Niliyoyaona niliyaona, mchana kweupe, na mpaka leo hayajaniacha.

Ulikuwa ule mwaka wa sabini, milango ya Omani ilipoanza kufunguliwa na sisi wa Unguja tukawa tunaingia mmoja mmoja. Mie nilishafika. Mamangu alikuwa bado Dar, anangoja karatasi, na karatasi haitoki mpaka mtu wa ukoo anayejulikana aende ofisini atie mkono kuwa huyu ni wetu. Mtu wetu alikuwa Bwana Seif, aliyerudi kutoka Kuwait na tumbo, miwani ya jua, na gari jekundu refu hata pua ikifika Matrah mkia bado uko Ruwi. Gari la mashindano, wallahi, katika nchi ambayo lami yake ilikuwa haikutoshi kumaliza sigara moja. Akaniambia nilitazame gari lake. Likipona, Jumamosi atakwenda kumtilia mamangu mkono.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Likikata kona polepole, linaguna huko nyuma, mguno wa mtu mzima mwenye tumbo la kuendesha, na mkia unatikisika. Mguno ulianza wiki ile ile tulipolibadilisha mafuta ya difu, lile tufe la nyuma, tukalitilia yale tunayotia malori. Hilo halikumpitia mtu kichwani. Vichwa vyetu vilikuwa na shughuli ya jini.

Sisi pale tulikuwa na njia moja tu ya kuipima difu, tuliyoirithi kwenye malori. Unainua tairi zote mbili za nyuma, unazungusha moja kwa mkono. Ya pili ikizunguka kinyume, difu nzima. Nikazungusha ya kushoto kwenda mbele. Ya kulia ikaja mbele. Nikairudisha nyuma, nayo ikarudi nyuma. Inanifuata, kama mtoto mjeuri anayekuigiza mwendo. Fundi Khalfan, mwenye gereji, miaka ishirini chini ya malori, akaweka spana chini taratibu. Akasema difu haifanyi hivyo, kilichomo mle kina akili. Halafu akaenda zake kulala, maana ilikuwa imekaribia saa saba, na saa saba mchana mtu wa pwani haoneshwi mara mbili mlango wa nyumba yake.

Mie nikabaki. Usidhani ni ushujaa. Ilikuwa Alkhamisi, na Jumamosi ilikuwa inakuja.

Nikasema nitaliuliza kwa moto, injini ikiwaka. Nikashusha tairi moja, nyingine nikaiacha juu ya jeki. Kila gari nililopata kulijua, ukilitia gia namna hiyo, tairi ya hewani inazunguka bure na ya chini imelala. Kwa hivyo sikuweka hata jiwe mbele ya matairi. Gari lile lilikuwa halina klachi, ukivuta gia tu linakwenda. Nikasimama nje, nikapenyeza mkono dirishani, nikaliwasha, nikavuta gia.

Mnaniamini? Liliruka kwenye jeki kama mbuzi aliyekatiwa kamba. Likatoka na nusu ya ukuta wa makuti mabegani, usukani umepinda, kitini hamna mtu. Mie nilishafika katikati ya uwanja. Nalo likaja, likanizunguka. Mara ya kwanza nikasema linatafuta njia. Mara ya pili nikaanza Ayatul Kursi, nikairuka katikati. Lilinizunguka mara tatu. Watu wakinisikiliza vizuri mie husema saba, na harusini huwa arubaini. Kila linapopita, linaguna. Nikalitolea salamu. Likaguna. Basi nikaliambia, mikono kifuani:

"Kama wewe ni Muislamu, ami yangu, mie nna mama. Nitakupa ubani, nitakupa halwa. Nisubirie mpaka Jumamosi tu."

Likatanua mduara, likaenda kujipiga kwenye mapipa ya maji, likasimama pale linatetemeka. Nikajikaza, nikalizima, nikachomoa ufunguo.

Watu wakajaa. Wenyeji wakasema jini hilo limetoka Pemba, limekuja na sisi. Sisi tukasema limetoka Bahla, limo nchini humu tangu zamani. Tukagombea ujinga kama watu wanaogombea urithi. Bwana Seif akafika na usingizi usoni, akalitazama gari, taa moja inaning'inia. Aliniuliza jambo moja tu: nani aliyeliwasha. Nikamwambia lilijiwasha lenyewe, na nikamsimulia mpaka ndevu za aliyekuwa kwenye usukani.

Jumamosi hakwenda. Mamangu alikaa Dar miezi kumi zaidi, akaja kwa mkono wa mtu mwingine. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulishamfunga macho yote mawili. Pale uwanja wa ndege alinigusa uso kwa vidole ili ajue kama ni mie.

Baadaye fundi mmoja wa Kibaluchi aliifungua difu ile mbele yangu. Mna visahani ndani vinavyozibana tairi mbili zikazunguka pamoja, ili gari lisikwame mchangani. Ndivyo lilivyoundwa. Linataka mafuta yake, si ya malori. Na tairi moja ikigusa ardhi, linakwenda. Akatia mafuta yake, mguno ukaisha. Hakufukiza hata udi.

Basi wewe unayesoma, gari la namna hiyo usilitie gia tairi moja ikiwa chini, na mtu akikwambia limeingiwa, muulize kwanza ametia mafuta gani.

Lakini Bwana Seif sikumsamehe. Miaka mingi nilimcheka kila baraza ya mjini, mtaa wa Hail mpaka Ansab: jitu zima na miwani yake, limemwacha mwanamke ugenini kwa kuogopa jini. Mpaka siku moja matangani akaja kukaa ubavuni mwangu, akapokea kahawa yake, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Mwanangu, mie majini siyaogopi. Nilikuuliza nani kaliwasha, na ufunguo umo mkononi mwako. Kule ofisini wangeniuliza kama nyinyi ni watu wa kusema kweli. Ningewajibu nini?"