Pembe Sita za Tembo

Ting. Siyo ting ya kengele ya shule, wala ya kijiko ndani ya glasi ya chai. Ni ya sarafu ya shaba ikigongwa juu ya kioo kinene cha meza: fupi, safi, halafu nyuma yake kunabaki kamlio kembamba kanachokataa kuisha. Kama umewahi kuisikia, rafiki yangu, unajua ninachosema. Kama hujawahi, kaa nikusimulie, maana mimi nikianza na kitu hiki siwezi kutulia mpaka nimalize.

Wiki iliyopita nilishuka mjini Kamembe kununua uzi. Nikapitia kwa kijana mmoja anayetoa na kutuma pesa kwa simu, kale kaduka ka pembeni kenye mlango wa buluu. Mtu aliyekuwa mbele yangu alitupa sarafu ya faranga mia juu ya meza. Ting. Miguu yangu ikataka kukimbia, sijui kwenda wapi. Nikatazama chini. Kioo kilikuwa kilekile. Kona yake ya kushoto ina mikwaruzo midogo kama miguu ya kuku, na nusu ya mikwaruzo ile ni ya Bibi yangu.

Zamani kaduka kale kalikuwa ka fundi wa saa. Saa ndogo alizitengeneza asubuhi, na Jumamosi baada ya alasiri alifunga nusu ya mlango, akaweka birika la chai ya tangawizi, akawangoja wenzake wa sarafu. Walikuwa wanne. Yeye mwenyewe, mwalimu mmoja mstaafu, mzee mmoja aliyevuka daraja la mpakani kutoka Bukavu, upande wa Kongo, na kofia yake ya sufi hata kukiwa na jua, na Bibi. Mwanamke alikuwa mmoja tu, na alikuwa na kopo la maziwa ya unga ambalo ndani yake maziwa hayakuwahi kurudi. Bibi alikuwa ameuza maandazi sokoni miaka mingi, na kila mteja aliyemletea sarafu ya ajabu kutoka chini ya godoro la marehemu fulani, yeye aliipokea, akatoa maandazi.

Sarafu zote za kopo lile nilizijua kwa majina aliyozipa. Kulikuwa na Mtobo, Bibi Harusi, Mfalme Asiye na Pua. Lakini moja ilikaa peke yake ndani ya kitambaa chekundu. Ilikuwa ya zamani za Wabelgiji, ya shaba ya njano, na haikuwa mviringo kama sarafu za watu. Ilikuwa na pembe sita, na katikati tembo anatembea. Za namna ile zilizobaki upande wetu karibu zote zilitobolewa zikavalishwa batoto shingoni. Hii haikuwahi kuguswa na msumari. Bibi aliiita Pembe Sita. Alikuwa akiniambia: sarafu ina mdomo wake, igonge iseme.

Sasa nikueleze walivyokuwa wanauziana, maana hapo ndipo uchungu wote ulipokaa. Bei haikutajwa kwa pesa. Mzee wa Bukavu alihesabu kwa dola, mwalimu kwa faranga za huku, na fundi alikuwa na ndugu kule ng'ambo aliyemchanganya na faranga za Kongo. Siku moja walibishana juu ya kubadilisha pesa mpaka chai ikaota ngozi. Fundi akasema sote tunakunywa sukari, basi tuhesabu kwa sukari. Tangu siku ile sarafu iliuzwa kwa kilo. Mnunuzi anasema kilo kumi, mwingine anasema kumi na mbili, na wakikubaliana wanamtuma mtu duka la mbele kuuliza kilo ya leo ni ngapi. Muuzaji hasemi neno. Anaishika sarafu yake na kugonga kioo. Mara moja, maana yake bado. Mara mbili, imefika, na hapo hata aje mtu na lori la sukari, amechelewa.

Macho ya Bibi yalianza kuingia ukungu nikiwa na miaka kama kumi. Mwanzoni alisema ni moshi wa mkaa. Halafu akaanza kumimina chai nje ya kikombe. Sambaza alizokaanga, zile dagaa za ziwani alizozijua kwa rangi, zikawa zinaungua, na sisi tunazila kimya na bugali kama vile ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Daktari alisema ni mtoto wa jicho, hutolewa, lakini hospitali ya macho iko mbali, siku nzima ndani ya basi. Mituweli, bima yetu ya afya, ingelipa sehemu yake. Iliyobaki, na nauli za watu wawili, na chakula cha huko, Bibi alizihesabu kwa vidole juu ya mkeka kisha akasema: kilo sitini.

Ijumaa alinituma. Alinishika mabega yote mawili, maana alijua mtu anayemtuma. Mimi nilikuwa mtoto wa kukimbia. Alizoea kusema huyu amemeza siafu. Akaniambia niende kwa fundi, nimwambie yeye mwenyewe kwamba kesho Bibi anatoa Pembe Sita, awaambie wenzake. Nilishuka kutoka kwetu Gihundwe nikiimba. Nikakuta mlango wa buluu umefungwa, fundi ameenda msikitini. Ningekaa kizingitini robo saa, yangekwisha. Lakini kukaa kizingitini, mimi? Jirani yake alikuwa mama mmoja muuza vocha, mwenye mwavuli wa njano na sauti ya kufika ziwani. Nikampa ujumbe, tena nikaupamba ili ueleweke vizuri. Nikamwambia amwambie fundi kwamba Bibi anauza pembe sita za tembo.

Halafu nikarudi nikiruka mitaro.

Wewe umeshaelewa. Mimi sikuelewa hata Jumamosi, tulipokuwa tunashuka, Bibi ameweka mkono begani kwangu, na watu wanaacha kuongea tukipita. Nilidhani wanamheshimu.

Fundi alikuwa peke yake dukani. Chai ilikuwepo, vikombe vinne, na uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyepoteza skrubu ndogo. Alisema Maman, wenzetu hawaji. Mama wa vocha alikuwa amemwambia muuza nyanya, muuza nyanya akamwambia dereva wa moto, yaani wa pikipiki, na ilipofika jioni pembe sita zilikuwa gunia sita, zimefichwa chini ya kitanda huko Gihundwe. Mwalimu alijua kabisa kwamba ni sarafu, lakini alikuwa ametuma habari kwamba tumbo linamsumbua. Mzee wa Bukavu alifika darajani, akasikia hadithi pale, akageuza kofia yake, akarudi kwao. Hakuna aliyetaka kukutwa ndani wakati serikali inaingia.

Bibi alikaa. Alitafuta tu mkono wangu akaukuta, akaubana kidogo, na mimi nikajua anajua. Ningeomba anichape.

Fundi kwa aibu alisema kilo thelathini. Ting. Alikunywa chai, akasema thelathini na tano, na majani ya chai pakiti mbili juu yake. Ting. Akaweka kikombe chini, hakupanda tena. Mnunuzi mmoja, rafiki, ni kama kupiga makofi kwa mkono mmoja. Bei haina wa kuisukuma. Mvua ilianza kugonga bati, na mimi nilikuwa nahesabu: thelathini na tano, hapo hata basi la kwenda na kurudi tu linakula zaidi ya nusu. Nilisimama mguu huu, nikasimama ule. Nilitoka nje nikarudi. Nilipanga saa zote zilizovunjika kwa ukubwa wao.

Ndipo mkuu wa mudugudu, yaani kiongozi wa kitongoji, akaingia, mwavuli unadondosha maji, daftari kwapani. Hakukaa.

"Maman, nimeambiwa uko na pembe ya tembo hapa. Toa nione, tusisumbuane."

"Iko, Papa," Bibi akasema. "Tena iko sita."

Fundi alifunga macho.

"Unasema hivyo mbele yangu?"

"Umeniuliza. Nyoosha mukono."

Mkuu akanyoosha. Bibi alifungua kitambaa chekundu, akaweka sarafu katikati ya kiganja chake.

"Hesabu polepole. Usijichome."

Alihesabu. Nilimwona midomo ikitembea, moja, mbili, tatu, kidole kinazunguka kingo. Alipofika sita alirudi mwanzo, akahesabu tena. Halafu akaigeuza, akamwona tembo.

"Batu banasema gunia," alisema kwa sauti ya chini.

"Gunia yenyewe ndiyo hiyo. Uibebe vizuri, iko nzito."

Akakaa. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu, akaomba chai na maandazi. Alisema marehemu mama yake alikuwa na moja kama ile shingoni, yenye tobo, na yeye akiwa mchanga aliitafuna wakati meno yanaota. Aliishika muda mrefu kuliko ukaguzi unavyohitaji. Bibi akamweleza habari ya macho, bila kulia, kama mtu anayeeleza njia. Mkuu akatoa simu. Nilimsikia akimwambia mwalimu, kisha mzee wa Bukavu, kwamba serikali imeshafika, imehesabu, na sasa inataka mnada uendelee.

Mwalimu hakukawia hata kidogo. Tumbo lake lilikuwa limekaa kwa kinyozi ng'ambo ya barabara, likichungulia. Mzee wa Bukavu alichukua karibu saa nzima, akaingia kofia imelowa, akiuliza kama kuna polisi. Fundi akamwambia yuko mkuu wa mudugudu peke yake, na tayari amemaliza maandazi.

Wakaanza. Arobaini. Arobaini na tatu. Ting. Mwalimu aliichukua akaisogeza karibu na pua, akasema ukingo mmoja umelika. Mzee akamjibu kwamba hata yeye mwalimu amelika ukingo na bado pensheni inaingia. Hamsini. Ting. Hamsini na tano. Ting. Fundi alijitoa, akabaki kumimina chai. Mwalimu akasema hamsini na nane na akaegemea nyuma kama mtu aliyefunga kitabu.

Mzee wa Bukavu alimwomba Bibi aigonge tena, asikie tu. Ting. Alisikiliza mpaka mwisho wa ule mlio mwembamba.

"Sitini," alisema.

Nilimbana Bibi bega. Sitini! Ilikuwa ile ile ya mkekani, jicho lenyewe lilikuwa limekaa mezani. Bibi alinyanyua sarafu. Akagonga mara moja. Nikangoja ya pili. Haikuja. Mkono wake ulibaki hewani, na mimi nikaona basi linaondoka bila sisi kwa ajili ya kiburi cha mwanamke mzee.

Mzee alikuna kofia. "Maman, utaniua. Sitini na tatu."

Ting, ting.

Njiani, huku tunaruka madimbwi, nilimwuliza zile tatu zilikuwa za nini. Akaniambia ni za chakula changu cha njiani, kwamba sitini alizihesabu kwa nauli mbili na tumbo moja, na mtoto aliyemeza siafu hawezi kukaa hospitalini na njaa. Kuhusu mama wa vocha alisema tu: maneno nayo yana pembe, uyashike kwa kingo.

Jicho la kulia lilifunguliwa bandeji asubuhi ya pili huko hospitalini. Bibi alinitazama kwa muda, akasema kumbe pua ni ya babu yangu, pole sana. Tulicheka. Kisha, tukiwa kwenye basi la kurudi, milima inashuka na kupanda na yeye anasoma kila kibao kwa sauti, akaacha vibao, akanigeukia. Akaniuliza:

"Yule tembo, alikuwa ameinua muguu gani?"

Alikuwa amesahau, kwa miaka ile alimjua kwa vidole tu. Na mimi niliyekuwa na macho mazima sikuwahi kumtazama. Nilikuwa nakimbia. Nikasema wa mbele, kushoto. Akatingisha kichwa, ameridhika, na mpaka leo sijui kama nilimdanganya.

Bibi hayupo tena. Fundi naye hayupo, na mwalimu alihamia kwa mwanaye Kigali. Mzee wa Bukavu aliacha kuvuka. Watu wanasema mambo mengi, mimi sikuuliza zaidi. Wanaotafuta sarafu siku hizi wanatumiana picha kwa simu, bei inaandikwa chini yake, na picha haina mlio. Nimewahi kumtafuta yule tembo humo. Nimeona wawili. Sikukuza picha. Nilifunga simu nikaenda kufua, sijui kwa nini, nguo zilikuwa safi.

Basi wiki iliyopita, pale kwenye kioo, zamu yangu ilifika. Kijana akakosa noti ndogo, akaniambia nimngojee akavunje pesa duka la mbele, lile lile la sukari. Nilibaki peke yangu. Nikafungua pochi, nikatoa faranga mia. Nilitafuta ile kona yenye miguu ya kuku, nikaishika sarafu kwa kingo.

Nikagonga mara moja.