Mama Anayetembea Nyuma

Katika matembezi ya wikendi kisiwani Funzi, mama mmoja mwongozaji hutembea nyuma ya wote. Kwa desturi ya kwao, watu hawahesabiwi kwa nambari kama mbuzi, basi asubuhi kila mtembezi hupewa simbi moja, kombe dogo la baharini, kutoka kwenye trei ya mayai, na jioni, wakishavuka mkondo wa mikoko, huirudisha. Tundu lisilo na simbi ni mtu aliyebaki ng'ambo. Yule mama huzipanga kwenye trei polepole, akigusa kila moja kwa kidole gumba, akinong'ona, “Alhamdulillahi.”

Jumapili ile Hadiya, aliyekuja na wenzake wa kidato cha pili, aliona tundu moja tupu. Maji ya mkondo yalikuwa yakijaa. Yalikwisha kufika magotini.

“Jamani, nani hajarudisha?” Hadiya akauliza.

Yule mama akamkabidhi Hadiya trei, akakaza leso kiunoni, akaingia majini. Sauti yake, ambayo siku zote ni ya chini, ikapasua mikoko: “Weee! Uko wapi, mwanangu?” Maji yakamfika kiunoni.

Ndipo kijana mmoja, mgeni kutoka Galu, akapapasa mfuko wake. “Mathe, si ni hii? Nilidhani ni zawadi.”

“Bwana we, umetutoa roho!” mtu akafoka.

Yule mama akarudi akichuruzika maji. Hakuipokea simbi. Aliushika mkono wa yule kijana kwa mikono yake miwili, akaukandakanda hadi kwenye kiwiko, kana kwamba hajaamini bado kuwa hakuna aliyebaki ng'ambo.