Pistoni Iliyokuja kwa Basi

Siku yangu ya kwanza kwenye karakana ya kinu cha pamba, Bariadi, Fomeni, msimamizi wetu, alinipa tupa na kipande cha chuma. "Nyanda, kinyooshe hicho. Ukimaliza utakuwa umezeeka." Nikadhani anatania.

Baadaye nikapelekwa kwenye leth, mashine inayozungusha chuma huku kisu kikikinyoa. Mabaki nilitengenezea injini ndogo za kukaa mezani, zinazowaka kweli. Mhandisi wa Mitambo alizidharau. "Hizi zinachambua pamba gani?" Nikamjibu, "Hakuna, bosi. Zinanifurahisha tu."

Kazi ngumu ilikuwa pistoni. Tuliisugua ndani ya silinda kwa majivu laini na mafuta. Kisha unaziba tundu la chini kwa kidole. Pistoni ikizama, umeilegeza, anza upya. Ikielea mpaka utoe kidole, Fomeni anasema, "Hiyo imeolewa. Lete ng'ombe."

Nilipostaafu nilianza injini niliyoipenda kuliko zote, mfano wa ile kubwa ya kinuni kwetu. Mikono ikaanza kutetemeka. Niliharibu pistoni moja baada ya nyingine, nikaogopa, kweli niliogopa, kwamba nitazikwa kabla haijawaka.

Binti yangu Kabula anafundisha chuo cha ufundi. Akaja na kompyuta yake. "Baba, nipe vipimo."

"Vipo kidoleni."

"Kidole hakiingii humu, baba."

Akapima mwenyewe. Printa yake ikajenga umbo la silinda kwa plastiki, tabaka juu ya tabaka. Tukaligandamiza kwenye mchanga, tukalitoa, tukamimina alumini ya sufuria kuukuu tulizoyeyusha, tukapata silinda. Pistoni ilichongwa Mwanza, kwenye leth inayoongozwa na kompyuta, ikaja kwa basi ndani ya bahasha. Nilinuna, siwafichi. Bahasha!

Nikaipaka mafuta, nikaziba tundu. Ikaelea. Nikatoa kidole, ikashuka taratibu.

"Imeolewa?" Kabula akauliza.

"Imeolewa, mwanangu. Wabeja, asante sana. Na majivu sikuyagusa." Wivu ulinishika pamoja na furaha. Vijana mnaoniuliza kama mashine hizi zimeua ufundi, mimi nasema zimenikuta nimechoka, zikanibeba.

Majirani walikuja tulipoiwasha. Ikakohoa, ikanguruma. Nikaiinua na kibao chake ili wote waione.

"Mzee, ina nguvu hiyo," jirani akasema. "Inakutikisa mkono mzima."

Kabula akautazama mkono wangu, akashika kibao upande wa pili.

"Ina nguvu sana," nikajibu.