Yan Shuqin: Aliyepima uaminifu wa chipu, sasa angoja kuaminiwa

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Tianjin bado haijaamua kama kumekucha. Watu saba wamepanga foleni mbele ya bamba la moto la muuza chapati za choroko, mikono ndani ya mifuko ya makoti. Yan Shuqin ni wa tano. Ana mayai mawili aliyoyatoa nyumbani, ameyaviringisha kwenye leso.

Kuja na yai lako si jambo la ajabu hapa. Nusu ya foleni wanayo. Lakini Shuqin peke yake ndiye anayeinua yai moja moja kwenye taa ya kibanda, akalizungusha, akalitazama ndani, ndipo akalikabidhi.

"Dada, yamefaulu mtihani?" anauliza muuzaji, Cao Deyi, mwenye mvi kumshinda mteja wake. Tianjin kila mwanamke ni dada, hata awe na vitukuu.

"Yamefaulu. Pasua polepole."

"Mayai umeyakagua. Na unga wangu je? Miaka kumi na tisa unakula unga usiojua nimeusagia wapi!"

"Kaanga wewe, acha maneno. Baridi inaniuma."

Foleni inacheka. Shuqin naye anacheka, kisha anapokea chapati yake na kushika njia ya kazini, akitafuna huku akihesabu kimoyomoyo. Leo zimebaki siku ishirini na tatu.

Shuqin ana miaka 53. Kwa miaka kumi na minne kazi yake ilikuwa kusugua chipu katika maabara ambayo jina lake hatuliandiki, kwa sharti la waliotupa ruhusa ya kuzungumza naye. Hakuwa mhandisi. Alikuwa fundi wa mikono, na hadi leo kucha zake amezikata hadi kwenye nyama.

Prosesa ndiyo chipu iliyo ubongo wa kompyuta. Zamani ofisi za hapa zilitumia zile za kununua ng'ambo, na wakubwa wakakosa raha: nani ajuaye kama aliyejenga nyumba hakujiachia mlango wa uani wa kuingilia kwa siri? Ndipo zikaja prosesa zilizochorwa hapa nyumbani. Watu walishangilia, halafu wakaanza kuulizana swali lile lile kwa sauti ya chini. Maana mchoro ni wetu, lakini vipande vyake vingine vilinunuliwa kwa jirani, na kiwanda kilichochapa ni cha mtu mwingine.

"Kuchorwa nyumbani si kiapo," anasema Shuqin. "Mimi mwanangu nimemzaa mwenyewe, na bado alinificha mchumba miaka miwili."

Kwa hiyo kabla prosesa haijapelekwa hospitali au ofisi ya mafao ya wazee, chache huchukuliwa na kufunuliwa. Ganda linayeyushwa kwa tindikali. Kisha fundi anasugua, tabaka baada ya tabaka, kila tabaka jembamba kuliko unywele. Kila moja linapigwa picha na kulinganishwa na mchoro. Kona moja ikisuguliwa zaidi ya nyingine, tabaka limeharibika na chipu imekufa.

Mikono ya kazi hiyo aliipata kwenye kiwanda cha saa, alikoingia akiwa na miaka kumi na tisa kung'arisha sahani za ndani ya saa za mkono. Kiwanda kilipopunguza watu akauza soksi kando ya daraja miaka tisa. Maabara ilipotafuta watu wa mkono mwepesi, mtu akamkumbuka.

Alikuwa hodari. Mwaka wake wa tatu aliona kwenye kona ya chipu kitu ambacho mchoro haukuwa nacho. Akaripoti, kama alivyofundishwa. Kazi ikasimama siku arobaini, wahandisi wakahojiwa mmoja mmoja, na mwishowe ikajulikana ni nini: sungura. Mhandisi mmoja kijana alikuwa amejaliwa mtoto katika mwaka wa sungura wa kalenda ya Kichina, na kwa furaha yake akamchora humo, mdogo kuliko chembe ya vumbi, akidhani hakuna jicho litakalomfikia.

"Nilikuwa sahihi," anasema Shuqin. "Na yule kijana akakatwa marupurupu ya mwaka mzima. Kwa sungura wa mtoto wake. Mpaka leo nikimkumbuka naona aibu."

Anayejua ndani ya chipu hizo kuna nini hasafiri nje ya nchi. Ndiyo sheria, naye aliisaini akijua. Pasipoti yake iko kwenye kabati la chuma ghorofa ya pili ya maabara, namba 31. Hakulijali kabati hilo kwa miaka mingi, mpaka binti yake wa pekee, Gu Minru, yule wa mchumba wa siri, alipoolewa Penang, Malaysia.

Hapo kuna desturi ambayo mama wa Tianjin haikwepi. Binti akijifungua, mama yake huenda "kumkalisha mwezi". Siku thelathini binti hagusi maji baridi wala hainui kitu kizito. Mama anapika uji wa mtama, mayai kwa sukari guru, anashika mtoto, anafukuza wageni. Mama asiyekwenda ana deni ambalo hakuna anayemdai, na analijua.

Mjukuu wa kwanza, Lizi, alizaliwa miaka mitatu na nusu iliyopita. Shuqin alimkalisha binti yake mwezi kwa simu. Aliegemeza simu kwenye mtungi wa siki, akaelekeza: moto mdogo, koroga, funika, vaa soksi.

"Nilikuwa namwambia vaa soksi, mama, na huko kuna joto la kuoka mkate," anasimulia, na macho yanamjaa maji huku anacheka. "Mtoto akilia, nanyoosha mkono. Nanyoosha kweli! Nagonga kioo."

Minru angekuja yeye. Lakini mwaka wa kwanza mtoto alikuwa mgonjwa wa kifua, wa pili duka lao la tambi lilikuwa changa, wa tatu akashika mimba nyingine, na daktari akamwamuru alale. Basi Shuqin hajawahi kumshika Lizi.

Ilimchukua zaidi ya mwaka kuamua. Mwishowe aliomba aondolewe kwenye benchi la kusugua. Aliyetoka kwenye siri hafunguliwi siku hiyo hiyo. Anangoja miaka miwili, alichokijua kichakae kwanza. Kwa muda huo alipewa kazi ya mlangoni. Kutoka yuani 7,200 kwa mwezi, alishuka hadi 4,100.

Kazi yenyewe ni kutunza simu, kwa kuwa hakuna simu inayoingia ndani. Kila asubuhi wenzake wa zamani wanampa zao, anazifungia kwenye visanduku, anawapa kibao chenye namba.

"Dada, nitunzie mke wangu," wanamtania.

"Akipiga nimwambie uko wapi?"

"Mwambie nimekufa!"

Wanaingia, mlango unafungwa. Yeye anabaki nje na simu arobaini na tatu zinazotetemeka kwenye visanduku vyake.

Miaka yake miwili inaisha tarehe tisa Machi. Mtoto wa pili wa Minru anatarajiwa tarehe mbili.

Novemba iliyopita, hesabu hiyo nusura ivunjike. Mkuu wa maabara, Shen Bingkun, alishuka mwenyewe hadi mlangoni na kumwita pembeni. Hakumwambia mengi. Kulikuwa na fungu la prosesa lililokuwa liende kwenye ofisi za mafao, na kwenye picha za kona moja kulikuwa na kivuli kisichoeleweka. Chipu tatu zilikuwa zimeharibika mikononi mwa fundi. Zilibaki mbili.

"Siku tatu tu, Fundi Yan," alimwambia. "Ingia, zisugue, utoke."

"Na miaka yangu miwili?"

Shen alitazama viatu vyake. Hesabu ingeanza moja upya.

Shuqin aliomba apewe hadi kesho yake. Nyumbani alimkuta mumewe, Gu Changhai, dereva mstaafu wa lori la maziwa, akimenya vitunguu saumu. Alimweleza alichoruhusiwa kumweleza, yaani karibu hakuna kitu.

"Mama Minru," alisema Mzee Gu, "wewe kataa."

"Na kama kweli kuna mlango wa uani? Hayo ni mafao ya wazee. Hata ya mama yako yamo humo."

"Mama yangu ana miaka tisini na moja, amepitia vita na njaa. Mjukuu wako atakuwa mchanga mara moja tu."

Asubuhi alikataa. Anasema hajawahi kujidharau kama siku ile. Alipokea simu za wenzake bila kuwatazama usoni, na wao, kwa heshima, hawakumtania.

Aliyeharibu zile chipu tatu ni Qi Liansheng, mwanamume wa miaka 41, mtoto wa muuza nyama, mwenye vidole vinene kama figili. Jioni hiyo alikuja kuchukua simu yake, akasimama.

"Fundi, siwezi kukwambia kitu."

"Usiniambie."

"Mikono yangu mizito."

"Hilo si siri. Lete mikono yako nyumbani kwangu Jumapili."

Kabla ya Jumapili hiyo, Shuqin alikwenda kwa afisa wa usiri kuomba idhini. Afisa alifikiri sana, kisha akagonga muhuri. Sahani ya saa ya mkono si siri ya mtu, alisema, na kumfundisha mtu kusugua si kosa.

Kwa Jumapili nane, meza ya jikoni kwa Mzee Gu ikawa karakana. Shuqin alitoa sahani za saa alizozihifadhi tangu kiwandani, kila moja ndogo kama kitufe cha shati. Alizitoboa vitone vinne, kimoja kila upande, vyote vya kina kimoja. Kazi ya Qi ilikuwa kusugua kwenye kioo chenye maji na unga laini mpaka vitone vyote vinne vipotee kwa pamoja. Kimoja kikitangulia, mkono umelala upande mmoja, na sahani inatupwa.

"Usisukume!" Shuqin alikuwa akimpigia kelele. "Unasugua ukoko wa sufuria? Mkono una uzito wake, uache ufanye kazi."

"Mkono wangu una uzito wa ng'ombe, Fundi."

"Basi mfundishe huyo ng'ombe kutembea."

Walitupa sahani thelathini na tisa. Ya arobaini, vitone vinne viliondoka kwa pamoja, na Mzee Gu akapiga makofi akiwa na mwiko mkononi, mchuzi ukaruka mpaka ukutani. Doa liko hadi leo. Shuqin hataki lifutwe.

Kilichofuata nyuma ya ule mlango Shuqin hakijui. Anachojua ni kwamba Alhamisi moja ya Januari Qi alitoka amechelewa, akachukua simu yake, akaenda zake. Asubuhi yake Shuqin alimkuta kwenye foleni ya chapati. Qi alikuwa na mayai mawili.

"Dada," alisema, na hakuwahi kumwita hivyo kabla, "leo tumia mayai yangu."

Shuqin aliyapokea. Akampa Cao moja kwa moja, bila kuyainua kwenye taa.

"We dada, leo hupimi?" Cao alishangaa.

"Kaanga."

Tulimuuliza kama hatamani kujua kona ile ilikuwa na nini, mlango wa uani au sungura mwingine. Alicheka mpaka akafuta macho.

"Natamani! Nalala na hamu hiyo, naamka nayo. Naomba awe sungura. Lakini nikijua tu, hesabu inaanza moja. Kwa hiyo nakaa na hamu yangu."

Sanduku lake liko tayari nyuma ya mlango wa chumba cha kulala: kilo tano za mtama, sukari guru, tende nyekundu, na soksi za mtoto alizofuma mwenyewe, japo Mzee Gu amemkumbusha tena kuhusu joto la Penang. Tiketi ni ya tarehe kumi Machi, alfajiri. Siku nane za mwanzo wa ule mwezi zitakuwa za mama mkwe wa Minru, na Shuqin anakiri kwamba anamwonea wivu mwanamke huyo asiye na kosa lolote. Zitakazobaki ni zake. Kama kabati namba 31 litafunguliwa siku hiyo hiyo ya tisa, na kama hakuna muhuri utakaokosekana. Shen ameahidi kushuka na pasipoti mwenyewe.

"Chipu tunaipima wiki sita, tunaiamini," anasema. "Mimi wamenipima miaka miwili. Silalamiki. Ila nimechoka kungoja."

Tunapoaga, simu yake inaita. Anaiegemeza kwenye mtungi wa siki. Kwenye kioo kunatokea paji la uso, kisha jicho, kisha Lizi mzima, mdomo umejaa tambi.

"Bibi, wewe kazini unafanya nini?"

Shuqin anamtazama mumewe. Mzee Gu anainua mabega.

"Bibi anatazama vitu, kama ni vya kweli."

Lizi anatafuna, anawaza.

"Na mimi? Mimi ni wa kweli?"

Mkono wa Shuqin umekwisha kunyooka. Kidole chenye kucha fupi kinagusa kioo, kinakaa hapo.

"Sijui, mjukuu wangu," anasema. "Mpaka nikushike."